Muhanga katuchimbia uwanja, ila kilichomvunja mtoto mkono ni goli

MLETA UZI

Wakuu, mbukwenyi.

Ninasimamia uwanja wa kata pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa barabara ya kwenda Kondoa. Ni kazi ya kujitolea, huu mwaka wa sita. Uwanja wenyewe mnaujua hata kama hamjafika: udongo mwekundu wenye kichanga, ukoka wa mabaka mabaka, mbuyu mmoja upande wa jua kuzama ambako wazee hukaa, na nyuma ya goli la kaskazini linaanza pori la miiba linalopanda mpaka kilimani. Asubuhi ni wa shule ya msingi, jioni timu mbili za mtaa, Jumamosi akina dada wa netiboli, kiangazi kikikolea ni ndondo.

Mwezi Agosti yametupata mambo mawili ndani ya siku nne. Naomba niyaeleze yote, maana jinsi tulivyoyapokea ndiko kulikonifanya niandike.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nimefika na reki yangu nikakuta mashimo 11 ndani ya kumi na nane (eneo la penalti) ya kaskazini. Niliingiza mkono kwenye shimo la kwanza ukazama hadi kiwiko. Udongo ulikuwa umerushwa upande mmoja tu, umelala kama mkia. Kwenye ukuta wa shimo kulikuwa na michirizi mitatu ya kucha, mirefu, imekata udongo mkavu kama patasi kwenye ubao. Chini kabisa mchwa walikuwa bado wanahangaika kuziba njia yao iliyovunjwa. Mzee mmoja jirani akaja na fimbo yake, akachungulia, akasema neno moja: muhanga, yaani yule mnyama wa porini anayechimbua mchwa.

Kufika saa mbili watu wamejaa. Vijana wameshaleta nyaya za mitego. Mmoja anataka kumwaga petroli kwenye pango, mwingine anajua mahali inapouzwa sumu. Wiki ile kamati ilikaa vikao viwili, vyote ajenda ni mnyama. Tukaanza hata kuchangishana pesa za kumlipa mwindaji.

Alhamisi jioni nilikuwa nachora mstari wa kati. Goli la kusini lilikuwa ni lile tuliloletewa wakati wa bonanza mwezi Aprili: chuma kizito, limepakwa rangi nyeupe, limesimama juu ya udongo kwa miguu miwili mifupi ya nyuma. Halijafungwa popote. Bonanza liliisha, wageni wakaondoka, goli likabaki hapo miezi minne nasi tukafurahi kwamba tumepata goli. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanasubiri wakubwa wamalize mazoezi. Mmoja kapandishwa na wenzake akaning'inia kwenye mtambaa panya, lile bomba la juu la goli, wawili wakaanza kumbembeza.

Nilisikia chuma kinapiga ardhi. Nilipofika, mtambaa panya ulikuwa umechimba mfereji kwenye udongo, kina cha vidole viwili. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa chini yake, juu kidogo ya kiganja. Kutoka ulipoishia mfereji hadi kilipokuwa kichwa chake nilipima baadaye kwa shubiri yangu: moja, na kidogo.

Tulimfunga kwa kipande cha ubao na khanga ya mama mmoja aliyekuwa anapita, akapelekwa hospitali, akawekewa plasta. Anaendelea vizuri. Lakini ufunguo wa stoo ninao mimi, na nililipita goli lile kila asubuhi kwa miezi minne. Kosa ni langu na nimemwambia baba yake hivyo.

Usiku ule nilikaa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga Aprili. Goli kamili ni mita 7.32 kwa 2.44. Bomba la inchi 3 lenye unene wa milimita 4 lina uzito wa kilo 8 na ushee kwa kila mita. Mtambaa panya peke yake unapita kilo 60. Ukijumlisha na nguzo mbili unafika kilo 100 hivi, na uzito ule, ukitafuta kitovu chake, uko karibu mita 2 kutoka chini. Yaani kitu kizima kina kichwa kizito na miguu myepesi. Mtoto wa kilo 25 akibembea mbele, linamfuata.

Wiki nzima tulimjadili mnyama ambaye hajamgusa mtu. Naombeni michango yenu kwa yote mawili: mashimo na magoli.

FUNDI CHUMA

Pole sana mkuu, na umfikishie mtoto pole zetu.

Nimechomelea magoli zaidi ya miaka 20, ya shule, ya makanisa, ya kambi. Nikiri jambo. Mteja akija anauliza bei, halafu anauliza rangi. Sijawahi kuulizwa hata mara moja litashikiliwa na nini. Na mimi sikuwa nasema. Kuanzia leo nasema.

Kama goli ni la kudumu, zika soketi. Chimba shimo la kina cha sentimita 60 au zaidi, simamisha kipande cha bomba pana kidogo kuliko nguzo, mwaga zege kuzunguka, acha wiki nzima likomae ukilimwagia maji. Nguzo inaingia ndani ya soketi na unaifunga kwa boliti. Ukiitoa, funika soketi kwa mfuniko wa chuma, usiache mdomo wazi. Soketi iliyo wazi ni shimo baya kuliko la muhanga maana halionekani.

Kama ni la kuhamisha, lazima liwe na fremu ya nyuma, bomba linalolala chini lote, tena hapo ndipo uweke chuma kizito kuliko cha juu. Mafundi wengi wanafanya kinyume: juu bomba nene lipendeze, nyuma kipande chembamba. Halafu vigingi. Nondo ya milimita 16, urefu usipungue sentimita 60, kunja kichwa kama bakora, gongelea kwa mshazari ukiegemea nyuma ya goli.

Ila kwa udongo wenu wa kichanga, mkuu, usiamini kigingi pekee. Kiangazi kinashika, mvua ikinyesha unakitoa kwa vidole. Tafuta tairi kuukuu la lori, lijaze zege, zika usawa wa ardhi nyuma ya goli huku umeacha kitanzi cha mnyororo juu. Fremu inafungwa hapo kwa kufuli. Tairi moja kila kona.

Kulijaribu: funga kamba ndefu katikati ya mtambaa panya, isipungue mita 6, wanaume watatu wavute kwa mbele wakiwa wamesimama mbali. Fremu ya nyuma ikinyanyuka hata kidogo, hakuna kucheza siku hiyo.

MWALIMU WA MICHEZO, KONGWA

Nakazia hapo kwa fundi. Hata Sheria ya kwanza ya mpira wa miguu inasema magoli lazima yafungwe imara ardhini, na ya kuhamishika yanaruhusiwa ikiwa tu yanatimiza sharti hilo. Refa ana haki ya kukataa kuanzisha mechi. Nimehudhuria UMITASHUMTA nyingi, yale mashindano ya shule za msingi, na sikumbuki kuona refa analitikisa goli kabla ya kipenga. Anaangalia nyavu kama zina tundu.

Jambo hili si la kwetu tu. Marekani, tume yao ya usalama wa bidhaa ilihesabu vifo visivyopungua 21 vya magoli kuanguka kati ya 1979 na 1994, na ndipo wakatoa mwongozo wa kufunga na kuhifadhi magoli. Wanashauri jambo jepesi ambalo sisi tunaliweza bila senti: goli lisipotumika, liunganishe na lenzake uso kwa uso kwa mnyororo, au lilaze chini kifudifudi.

Naongeza ndoano za nyavu. Zile ndoano za chuma zilizochomelewa nyuma ya nguzo zitolewe. Kijana wangu wa kidato cha pili aliruka kutundika nyavu, pete ikanasa kwenye ndoano, akarudi chini na kidole kimechunwa hadi mfupa. Tumia kamba ya katani au vibano vya plastiki. England walishapiga marufuku ndoano za chuma kwenye magoli, nami nilizikata zote kwa msumeno siku iliyofuata.

KIJANA WA NKUHUNGU

Wakuu mimi nachezea uwanja wa aina hiyo hiyo. Kuhusu goli nimekubali. Lakini kwa mnyama naona mnakwenda polepole mno. Mwaka juzi winga wetu kaingia kwenye shimo, kifundo kikageuka, hajarudi uwanjani mpaka leo. Huyo naye ni mtoto wa mtu. Je, tukae tunaangalia mnyama anachimba kwa sababu anaitwa mnyamapori? Mtego mmoja tu, biashara imeisha. Au serikali itulipe.

MZEE WA PORINI

Kijana wangu, hoja yako ni ya mtu aliyeumia, naiheshimu. Nimetumikia uaskari wa wanyamapori miaka mingi kabla ya kustaafu, niruhusu nikujibu taratibu.

Kwanza sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inamweka mnyamapori kuwa mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Haijali amelala hifadhini au nyuma ya goli lenu. Kumwinda bila kibali ni kosa, na kuwinda kwa sheria ile si kuua peke yake, hata kumtega na kumkamata kumo. Sumu ndiyo kabisa. Nimeshuhudia sumu ya fisi mmoja ikiondoka na tai, mbwa wa jirani na mbuzi wawili waliolamba mahali palipomwagika. Sasa ninyi mnataka kuiweka mahali watoto wanapocheza bila viatu?

Pili malipo. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za 2011 zinahusu mtu aliyeuawa au kujeruhiwa, mazao na mifugo, kwa wanyama wakali kama tembo na simba. Nyasi za uwanja hazimo. Msipoteze muda kwa hilo.

Tatu, na hapa ndipo pana faida, mjue mnayeshughulika naye. Wengi wakiona shimo wanasema muhanga, lakini uwanja unasomeka.

Muhanga anachimba shimo lenye umbo la faneli, udongo upande mmoja, alama za kucha ndefu ukutani. Anatafuta mchwa na sisimizi hasa. Hali mizizi, hagusi nyasi. Ulimi wake unafika sentimita 30, akishawalamba anaondoka kuchimba pengine. Ngiri hachimbi shimo, anapindua. Utakuta kipande kipana cha nyasi kimefunuliwa kama jamvi, na mbele yake alama mbili za magoti, maana hula amepiga magoti. Yeye anataka vikonyo vya ukoka vilivyo chini ya udongo. Nungunungu anachimba vijishimo vya juu juu, mizizi imetafunwa, na mara nyingi anaacha mwiba mmoja au miwili kama sahihi.

Ukishajua nani, unajua anafuata nini. Mleta uzi, ngoja nikuulize: kwa nini kumi na nane ya kaskazini tu? Mliweka nini pale?

Na lingine kabla sijasahau. Kuna watu wanamchanganya muhanga na kakakuona. Kakakuona ana magamba na akitishwa anajikunja kama mpira. Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilikubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya aina zake zote 8. Huku kwetu akionekana, watu humzunguka, wamwekee maji, nafaka na panga wapate kujua mwaka utakuwaje. Akipita uwanjani kwenu, watoto wasimguse, mpigieni Afisa Wanyamapori wa halmashauri, mumlinde hadi afike.

MLETA UZI

Mzee shikamoo, na ahsante. Swali lako limenikosesha usingizi, kisha likanipa jibu.

Niwape hesabu ya maji ili mwelewe. Uwanja wetu ni mita 100 kwa 64, ni mita za mraba 6,400. Ukitaka kuumwagia milimita 5 tu, ni lita 32,000. Boza la lita 10,000 liende safari tatu na bado. Dodoma hii, ambako tangu Mei hadi Novemba hatutegemei mvua, hakuna kamati ya kata inayoweza hilo kila wiki. Kwa hiyo mwezi wa saba tuliamua kumwagilia kumi na nane mbili peke yake. Kila moja ni kama mita za mraba 665, zote mbili lita 6,650 kwa milimita zile zile 5. Boza moja linatosha na chenji inabaki.

Tulianza na ya kaskazini. Tukaitandazia samadi ya ng'ombe kutoka zizi la jirani, mbichi, haikuwa imeoza, tukafunika na nyasi kavu ili zishike unyevu. Kusini hatukufika, pesa ziliisha.

Mnaona wenyewe. Pori zima limekauka, udongo mgumu kama tofali, na katikati yake sisi tumeandaa kitanda laini, chenye samadi na nyasi kavu, chakula cha mchwa. Mchwa wakaja. Aliyewafuata mchwa akaja. Tungemuua huyu, angekuja mwingine, maana meza tuliitandika sisi.

Nimesoma kwamba wenzetu Uingereza wana mnyama wa jamii ya nyegere anayefukua viwanja vyao akitafuta minyoo na mabuu ya mbawakawa. Analindwa na sheria yake maalumu ya mwaka 1992, hagusiki, hata pango lake haligusiki. Wasimamizi wa viwanja kule wanahangaika na mabuu kwenye nyasi, mnyama wanamwacha. Kumbe shida ni ile ile.

Nimeondoa nyasi kavu zote kwa reki. Samadi nimeikusanya, inaozea kwenye shimo mbali na uwanja hadi mwakani. Mzee, sasa nisaidie namna ya kuziba. Kuna moja nyuma ya goli, kwenye ukingo wa pori, ni pango hasa. Mdomo wake mtu mzima anaingia mabega.

MZEE WA PORINI

Umeona sawasawa kijana wangu.

Vile vya kulia chakula, jaza siku hiyo hiyo. Usitupie udongo wote kwa mkupuo ukakanyaga juu. Utashuka mvua ya kwanza na shimo litarudi. Jaza sentimita 10, mwagia maji kidogo, shindilia kwa kigogo, ongeza nyingine. Juu weka udongo mzuri, panda vikonyo vya ukoka, zungushia kamba wiki mbili.

Pango usilizibe kabla hujajua kama lina mtu ndani. Muhanga akiliacha, wapo wengi wanaolihamia: nungunungu, fisi, nyoka, na ngiri ambaye huingia kinyumenyume ili akitoka awe ametanguliza meno. Usichungulie kwa uso hata siku moja, na watoto wakae mbali. Jioni mwaga majivu laini mlangoni, sawazisha kwa tawi. Asubuhi soma. Ukikuta nyayo, mwite Afisa Wanyamapori, mweleze, yeye aamue. Ukikuta majivu hayajaguswa siku tatu mfululizo, bado mpigie, na akiridhia ndipo mzibe.

Uzio wa wavu upande wa pori unasaidia ikiwa umezika sehemu ya chini sentimita 50 na kuikunja kuelekea nje. Ukiusimamisha juu ya ardhi tu, muhanga anapita chini kabla hujamaliza kula ugali.

MTU WA CHEMBA

Mna bahati mna muhanga. Sisi huku jirani na Pori la Akiba Swagaswaga wanaopita uwanjani ni tembo. Masika iliyopita walikatiza usiku, uwanja ukiwa umelowa. Asubuhi kila unyayo ni beseni. Siku mbili za jua likakauka likawa zege, tukasimamisha ligi ya kijiji wiki tatu tukigonga kwa sururu.

Tulichojifunza ni kwamba nyayo za tembo zinafukiwa asubuhi ile ile udongo ukiwa bado laini, hata kama ni watu wanne wenye majembe. Na mechi zetu zinaisha saa kumi na moja na nusu jioni, hakuna dakika za nyongeza za kirafiki. Watoto waliokuwa wanabaki kucheza chandimu mpaka giza tunawaondoa. Ukingo wa pori tumetundika vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga, kwenye kamba. Vinasaidia ukivirudia mara kwa mara, mvua inaviosha. Wakiingia tunawasubiri waondoke huku tumepiga simu. Hakuna kuwafuata na tochi kupiga picha, kijana mmoja wa kijiji jirani alifanya hivyo akapona kwa kudra za Mungu.

DADA WA NETIBOLI

Naona nyie wenzetu mnaongelea mpira wa miguu tu. Nguzo zetu za netiboli zina mita 3.05, na nyingi zimesimama juu ya rimu ya gari au tairi lenye zege kiasi. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane mnaujua. Yetu ilidondoka yenyewe, hakuna aliyeigusa, ikapiga benchi walilokuwa wamekaa wachezaji dakika moja kabla. Nasi tumehamia kwenye soketi.

Ila nilichotaka kusema ni chokaa. Mleta uzi umesema ulikuwa unachora mstari wa kati. Kwa chokaa gani kaka? Hapa kwetu wanachora kwa ile ya mfuko, ya ujenzi. Binti yangu wa miaka 15 aliteleza kwenye mstari siku ya mvua, ikamwingia machoni. Tulimwosha maji tukidhani ni vumbi, dakika mbili, tukamwacha. Kesho yake hafumbui jicho. Daktari alituambia chokaa ile ikipata unyevu inaunguza, na jicho lina unyevu wake, na kwamba tungeosha kwa maji mengi yanayotiririka si chini ya dakika 20 kisha tumkimbize hospitali. Jicho lilipona, baada ya miezi.

MLETA UZI

Dada yangu, pole sana kwa binti. Ndiyo, nilikuwa natumia hiyo hiyo. Nimeacha.

Sasa nachora kwa rangi ya maji nyeupe, ya kupakia ukuta, nimeichuja na kuizimua. Ndoo moja ndogo inazungusha uwanja mzima ukitumia brashi pana na kamba iliyonyooshwa. Inakaa kuliko chokaa. Kuna wanaotumia oili chafu ya magari. Hiyo inaua ukoka na mstari unabaki mfereji, mchezaji anajikwaa. Mfuko wa chokaa uliobaki nimeupeleka kwa fundi ujenzi.

Nimefanya na jingine. Roli letu la kusawazishia uwanja ni pipa la lita 200 lililojazwa zege, karibu nusu tani. Lilikuwa linalala kwenye mteremko mdogo karibu na mbuyu, na watoto wanalipanda. Sasa limewekewa kabari mbili za mbao na mnyororo. Vibendera vya kona nilikuta vitatu ni nondo tupu zenye ncha, urefu wa kiunoni. Nimeweka miti ya mita 1.5 yenye kichwa butu. Mashine ya kukatia nyasi haiwashwi mpaka mtu aokote mawe na mifupa kwanza, na anayekata avae gambuti na miwani, watazamaji wakae nje ya uwanja.

KIJANA WA NKUHUNGU

Mzee wa Porini, shikamoo. Nimesoma nikarudia. Jana nilikwenda uwanjani kwetu kuangalia. Mashimo yetu ni ya kupinduliwa, kipande kama mkeka, na alama za magoti zipo kweli. Ni ngiri, miaka yote tunamsingizia muhanga. Halafu nikatikisa goli letu. Nguzo ya kulia imeoza usawa wa ardhi, kutu imekula nusu. Imepakwa rangi juu huoni kitu, ila ukigonga na jiwe inatoa sauti tofauti. Nimemwambia kocha, jioni ile ile tumelilaza chini.

FUNDI CHUMA

Hongera kijana. Kutu huanzia pale pale, sentimita chache juu na chini ya udongo, kwa sababu ya unyevu. Wote mliosoma hapa, kagongeni nguzo zenu leo. Na mtoto akichanika kwa chuma chenye kutu, apelekwe kupata chanjo ya pepopunda, msingoje.

MLETA UZI

Wakuu, narudi na mrejesho. Ni mwisho wa Novemba, mawingu yameanza kujikusanya.

Magoli yote mawili yana fremu ya nyuma, matairi manne ya zege yamezikwa, kufuli nne. Fundi wa mtaani alitufanyia kwa nusu ya malipo ya ufundi, vifaa tulinunua kwa zile pesa tulizochangisha za mwindaji. Tulivuta kwa kamba watu watatu, halikunyanyuka. Tukavuta watano.

Pango lilikuwa na mtu. Majivu ya usiku wa kwanza yalikuwa na nyayo, na Afisa Wanyamapori alipofika akatuambia ni muhanga mwenyewe. Akashauri tumwache, tusogeze njia ya watoto ya kwenda shule mita 30 kutoka pale, tuzungushie miiba upande wa uwanja tu. Tangu tuondoe samadi amerudi ndani ya uwanja mara mbili, vishimo vitatu, nimevifukia kabla ya kengele ya shule.

Kila asubuhi naanzia goli la kusini. Natikisa, nagusa kufuli, kisha nazunguka mistari yote kwa miguu, namalizia kaskazini kuangalia udongo. Dakika 25. Nikiwa na safari namwachia daftari katibu, naye anaandika saa aliyopita na alichokikuta. Yule mtoto plasta ilitoka mwezi wa kumi. Siku hizi anawahi shule, ananikuta, ananishikia kamba ninapochora.

Kimebaki kimoja kinanisumbua, naomba mwenye uzoefu aseme. Kata jirani wameniomba niwasaidie uwanja wao, upo kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, masika unavimba. Fundi, tairi la zege kwenye udongo ule litatulia, au litasukumwa juu mvua zikikolea? Wanataka kusimamisha magoli kabla ya shule kufunguliwa Januari, na nimewaambia wasubiri jibu lako.